Mcheza Kwao Hutunzwa: Namna ya Kulipia Filamu ya Kwetu Ambayo Bado Haijaiva

Mwezi wa Juni, baridi ya Iringa inapowafanya watu wasivue makoti hata saa sita mchana, jirani hukutumia ujumbe kwamba vijana wa Kihesa au wa Mafinga wametengeneza filamu, itaonyeshwa Jumamosi jioni, na kiingilio ni shilingi 5,000. Moyoni unajua, kwa kuwa uliiona iliyotangulia, kwamba sauti itapanda na kushuka, kwamba kisa kitavutwa mpaka kichoke, na kwamba kwa pesa hiyo hiyo muuza muvi wa stendi angekujazia flashi sizoni nzima ya Kikorea na chenji ikabaki. Je, uende ulipe, ukitumaini kwamba malipo yako yatawasaidia watengeneze nzuri zaidi mwakani, au ungoje mpaka watengeneze hiyo nzuri ndipo ulipe?

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda na kulipa, na bado naamini kwamba ni haki kulipa. Hata hivyo nimekosea mara nyingi katika namna ya kulipa, na makosa hayo ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu kwa watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na popote katika Nyanda za Juu Kusini ambao wangependa filamu za kwetu zikue.

Wanaokataa kulipa husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanaohimiza watu walipe husema mcheza kwao hutunzwa. Mimi niko na hawa wa pili, ila ningeomba tuikumbuke methali yao jinsi inavyotendeka ngomani. Anayetunza huinuka alipokaa, huingia uwanjani, na humpa mchezaji noti mkononi au humbandika kwenye paji la uso wakati ule ule mchezaji anapofanya lile lililomgusa. Pesa inamfikia aliyecheza, watu wanaiona, na mchezaji anajua ni hatua gani iliyoileta. Shilingi tunazotoa kwa ajili ya filamu mara nyingi hazina hata moja kati ya sifa hizo: zinaishia kwa mtu mwingine, hazionekani, na hazimwambii mtengenezaji ni kipi kimependeza. Yote ninayoshauri hapa chini yanalenga kuzirudisha sifa hizo tatu.

Fahamu kwanza pesa yako inaishia kwa nani

Hapa ndipo penye uzito kuliko pengine pote, kwa hiyo nitapaeleza kwa kirefu.

Katika miaka ya kanda za VHS, na baadaye DVD, mtayarishaji wa filamu za Kibongo kwa kawaida aliiuza kazi yake kwa msambazaji wa Dar es Salaam kwa malipo ya mara moja, pamoja na haki zake zote. Baada ya hapo, filamu iuze nakala elfu mbili au elfu hamsini, yeye haongezewi kitu. Matokeo ya utaratibu huo yanaeleweka bila kumlaumu mtu yeyote, kwa sababu malipo yakiwa ni yale yale, njia iliyobaki ya kuongeza kipato ni kupunguza gharama na kuongeza idadi. Filamu zikapigwa kwa siku chache, kisa cha saa moja na nusu kikanyooshwa na kukatwa kuwa sehemu ya kwanza na ya pili ili kiuzwe mara mbili, na nyumba moja ya kifahari yenye makochi yale yale ikawa nyumba ya kila tajiri wa kila filamu. Watazamaji walinunua kwa wingi na kwa upendo wa kweli. Umati uliojitokeza kumzika mwigizaji Steven Kanumba mwezi Aprili 2012 ulikuwa ushahidi wa upendo huo. Lakini upendo ulioingia dukani kama bei ya DVD haukufika kwa mwongozaji kwa namna ya kumwambia kwamba akikaza zaidi atapata zaidi.

Soko lilipoanza kudorora, serikali ilileta stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013 ili nakala halali zitambulike, na Aprili 2017 wasanii wakaandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizokuwa zikiuzwa kiholela kwa bei ya chini. Watazamaji wengi waliwajibu kwamba watengeneze filamu nzuri kwanza. Jibu hilo lilikuwa na ukweli, na bado liliniuma, kwa sababu mtu aliyekwisha kuuza haki zake zote hana mtaji wa kutengenezea hiyo filamu nzuri anayodaiwa.

Watu hupenda kuitaja Nigeria kama mfano wa nchi ambayo watazamaji wake walivumilia filamu dhaifu mpaka zikawa imara. Mfano huo ni wa kweli kwa sehemu. Mwaka 1992 mtayarishaji Kenneth Nnebue alitoa filamu ya Living in Bondage kwenye kanda za VHS, ikauzwa sana, na kwa miaka mingi baada yake filamu za haraka na za gharama ndogo zilinunuliwa masokoni kama njugu. Uvumilivu huo wa wanunuzi uliwaweka kazini waigizaji, wapiga picha na wahariri, na mtu aliye kazini hujifunza. Ila kupanda kwa ubora kulionekana zaidi pale majumba mapya ya sinema yalipoanza kufunguliwa Lagos na miji mingine katika miaka ya 2000, ambako mtayarishaji hupata sehemu yake katika kila tiketi. Filamu ya Kunle Afolayan ya mwaka 2009, The Figurine, hutajwa mara kwa mara kama alama ya kipindi hicho kipya. Mnunuzi mvumilivu alisaidia, lakini tiketi yenye mgao ndiyo iliyompa mtengenezaji sababu ya kutumia mwezi mzima kwenye kazi ambayo zamani angeimaliza kwa wiki.

Hata hizo sizoni za Kikorea tunazojaziwa kwenye flashi hazikuchipuka zenyewe kama uyoga. Korea Kusini ilianzisha chuo chake cha taifa cha filamu mwaka 1984, na kwa miaka mingi sheria ililazimisha kila jumba la sinema kuonyesha filamu za nyumbani kwa siku 146 kwa mwaka, mpaka zilipopunguzwa kuwa 73 mwaka 2006. Nasema hivi ili mtazamaji wa Makambako asijibebeshe peke yake mzigo ambao kwa wenzetu ulibebwa pia na dola na vyuo.

Turudi kwetu. Kabla hujatoa pesa, uliza inakwenda wapi, na uulize bila haya. Ukumbini swali ni jepesi: “Ukumbi mmekodi wenyewe, au kuna mwenye shughuli aliyewalipa?” Kama wamekodi wenyewe, kinachobaki baada ya kulipia ukumbi, projekta na mafuta ya jenereta ni chao, na kiingilio chako kina uzito mkubwa. Kama kuna mwenye shughuli aliyewapa kiasi cha mkupuo, basi wewe unamlipa huyo, na unaweza kuwatunza wao kando.

Kwa YouTube, ambako filamu nyingi fupi za mikoani huwekwa siku hizi, mambo yako hivi. Chaneli haipati mgao wa matangazo mpaka ifikishe wafuatiliaji 1,000 na, kwa video ndefu, saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili. Ikishakubaliwa, mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonyeshwa kwenye video hizo. Kwa hiyo kwa kijana anayeanza, kujiandikisha kwenye chaneli yake na kuiangalia filamu mpaka mwisho kuna maana kuliko kuifungua dakika mbili na kumtumia alama ya moyo. Usijidanganye kwamba inatosha, kwa sababu matangazo yanayowalenga watazamaji wa hapa nchini hulipa kidogo, na filamu iliyotazamwa na mtaa mzima wa Mwanjelwa inaweza isirudishe hata nauli ya waigizaji.

Televisheni nitaipita haraka: ada ya king'amuzi huenda kwa kampuni, na kituo humlipa mtayarishaji kwa mkataba wao, hivyo mtazamaji mmoja mmoja hana mkono wa moja kwa moja pale.

Njia iliyo karibu zaidi na ile ya ngomani ni kumtumia mtengenezaji pesa kwa simu. Omba namba kutoka kwake mwenyewe, kisha hakikisha jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha ndilo lake au la kikundi chake, kwa kuwa namba zilizoandikwa kwenye posta zinazosambazwa huweza kubadilishwa na wajanja. Na ile ya mwisho, flashi ya stendi, haimfikishii chochote. Tena kunakili na kuuza kazi ya mtu bila idhini yake ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sina chuki na wale vijana wenye kompyuta na mwavuli, kwani wanatafuta riziki kama wengine. Nadhani mtengenezaji wa hapa hapa angefanya vyema kukaa nao, awauzie kwa makubaliano, kwa sababu wao wanajua kuliko mtu yeyote ni filamu gani inayoulizwa na mama anayesubiri basi la Tunduma.

Tenganisha aliyepungukiwa na aliyezembea

Neno “wastani” linaficha watu wawili tofauti. Mmoja anajua anachotaka lakini hana vifaa wala uzoefu. Mwingine ana vifaa, ila hajali. Filamu zao zaweza kupata alama sawa kwa mtazamaji wa haraka, lakini pesa yako itafanya kazi tofauti kabisa kwa kila mmoja, na kwa hiyo inafaa ujifunze kuwatofautisha.

Nitaeleza nilivyoona. Filamu fupi moja ilipigwa nje kidogo ya Tukuyu, ndani ya migomba, siku ya mvua. Picha ilikuwa na giza kwa sababu hawakuwa na taa, na mazungumzo ya sokoni yalimezwa na mashine ya kusaga kiasi kwamba sikuelewa ugomvi ulianzaje. Katikati ya filamu, mama aliyefiwa na mumewe anamenya ndizi jikoni huku mtoto anamsimulia habari za shuleni. Kila mara mtoto anapolitaja jina la baba yake, kisu kinasimama. Kilisimama mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na hakuna aliyesema lolote kuhusu kisu. Mara ya nne mtoto alitaja jina, na yule mama akaendelea kumenya. Ukumbi ulinyamaza mpaka nikasikia mvua juu ya bati. Jambo lile halikugharimu hata shilingi. Kuna mtu alikaa akafikiri juu ya huzuni inavyoondoka mwilini, akamwelekeza mwigizaji, na mwigizaji akaelewa.

Nyingine ilikuwa ndefu na yenye matumizi makubwa, ina magari ya kukodi na picha za droni zinazozunguka juu ya mji. Ilikuwa na msiba. Waombolezaji walisimama wima kama wageni wa mahafali, wakati kila mtu wa mkoa huu anajua kwamba wanawake msibani hukaa chini kwenye mikeka, miguu wameinyoosha, na kwamba anayeingia hulia kwanza kabla ya kusalimia. Mjane alianza kulia akiwa na kitenge cha bluu, akamaliza kulia akiwa na cha kijani. Bibi aliyekaa nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini, kwa masikitiko, “Hawa hawajawahi kufiwa.”

Kwa hiyo, unapotazama, weka pembeni makosa yanayotokana na ukosefu wa pesa, yaani picha yenye giza, sauti hafifu, nyumba moja inayotumika kama nyumba tatu, na usiyahesabu sana. Hesabu yale yasiyogharimu kitu: je, waliuliza mila kabla ya kuziigiza? Kinyakyusa au Kihehe kinachosemwa humo ni cha watu wanaokisema, au ni cha kubahatisha ili watu wacheke? Je, kuna sababu ya mhusika kufanya alichofanya, zaidi ya kwamba filamu ilitakiwa iendelee? Walisubiri lori lipite ndipo waseme maneno yao, au walilipigia kelele? Mwenye kujali huonekana hapo hata kama alipiga picha kwa simu. Huyo mlipe, hata kama umetoka umeielewa filamu nusu tu. Yule mwingine ukishamlipa mara moja, inatosha mpaka utakapoona dalili nyingine.

Weka kiasi, na weka kikomo

Sisi ni watu wa michango. Kadi za harusi, za kipaimara, za send-off na za misiba huja kwa mkupuo, na kila nyumba yenye busara imejifunza kutenga fungu la mambo hayo ili watoto wasilale njaa kwa sababu ya harusi ya mtoto wa binamu. Fanya hivyo hivyo kwa filamu. Tenga kiasi kwa mwezi au kwa msimu, kidogo kiasi kwamba hutakijutia, na kikiisha kimeisha. Shilingi 5,000 inayotoka kila mwezi kwa mwaka mzima humsaidia mtengenezaji kupanga kuliko 50,000 iliyotolewa kwa msisimko wa siku moja na isirudi tena.

Kikomo ndicho kigumu zaidi. Mimi hutumia kipimo cha filamu tatu. Ya kwanza nailipia kwa nia njema. Ya pili natazama kama kosa hata moja la ile ya kwanza limepungua. Lisipopungua, bado nalipa, lakini nasema. Ya tatu ikija na makosa yale yale, naacha, na namweleza mhusika kwa nini nimeacha. Hakuna uchawi katika namba tatu, mwingine anaweza kuchagua mbili au nne, ila bila kikomo msaada wako hugeuka kuwa jambo lingine.

Nalijua hilo kwa uchungu. Kulikuwa na kijana mmoja niliyempenda kwa bidii yake, nikahudhuria maonyesho yake matano mfululizo, nikilipa kila mara na kila mara nikimwambia, “Hongera, mmejitahidi.” Filamu ya tano ilikuwa na kasoro zote za ile ya kwanza. Baadaye aliacha kazi hiyo akaenda kwenye biashara ya mbao, na siku tulipokutana aliniambia kwamba katika miaka yote ile hakuna mtu aliyemwambia kuwa maneno ya waigizaji wake yalikuwa hayasikiki. Yeye alikuwa anayajua kwa moyo, kwa hiyo aliyasikia. Mimi sikuyasikia, nikalipa, nikanyamaza, na ukimya wangu ulimgharimu kuliko kiingilio changu kilivyomfaa.

Neno liende pamoja na pesa

Watu wa ukanda wetu ni wapole wa salamu. Tunaweza kuulizana habari za nyumbani, za shamba, za ng'ombe na za watoto mpaka anayetaka kusema jambo gumu akalisahau au akaliogopa. Upole huo ni mzuri, na mtu anaweza kuutumia kusema ukweli badala ya kuukwepa.

Usiseme kasoro mbele ya umati usiku wa maonyesho. Usiku ule mtengenezaji amechoka, mama yake yuko ukumbini, na hatasikia kitu. Sema kesho yake au keshokutwa, mkiwa wawili, au kwa ujumbe. Anza na mahali hasa palipokugusa, upataje kwa undani, kwa sababu “filamu ni nzuri” haimfundishi mtu chochote. Kisha taja kasoro moja tu, ile anayoweza kuirekebisha kwa vifaa alivyonavyo sasa. Ukimwambia anunue kamera ya mamilioni, umemwambia aache kazi. Ujumbe niliomtumia mwongozaji wa ile filamu ya migomba ulikuwa hivi:

“Mdogo wangu, habari za tangu jana. Nimeiona kazi yenu, na pale mama anapoendelea kumenya ndizi nimepakumbuka mpaka leo asubuhi. Nimetuma 10,000 kwa ajili ya pale. Jambo moja limenisumbua: maneno ya sokoni sikuyasikia, nikabaki kukisia wamegombania nini. Mkipiga tena sokoni, jaribuni alfajiri kabla mashine ya kusaga haijawashwa. Filamu ijayo nijulishe mapema, nitakuja na watu wawili.”

Angalia kwamba pesa imefungwa na jambo mahususi, kosa lina dawa isiyo na bei, na mwisho kuna ahadi inayoweza kutimizwa. Ahadi hiyo itimize. Kama anayepokea ni mtu mzima kuliko wewe, anza na shikamoo na umwombe ruhusa ya kusema. Wazee wanaotengeneza filamu ni wachache, na wanastahili heshima hiyo.

Mkiwa wengi, andaeni maonyesho

Mtu mmoja akilipa 5,000 ametoa tunzo. Watu sitini wakilipa 3,000 kila mmoja wametoa 180,000, na mkitoa, tuseme, 70,000 za ukumbi, projekta na jenereta, inabaki 110,000 inayoweza kukodi maiki nzuri na kulisha waigizaji siku za kupiga picha. Ukumbi wa shule, wa parokia au wa usharika unatosha. Kabla ya kubandika matangazo, muoneni afisa utamaduni wa halmashauri yenu, kwa kuwa uonyeshaji wa filamu hadharani unasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976, na filamu inapaswa iwe imekaguliwa na kupangiwa daraja la umri. Mtengenezaji akiwa hajakamilisha hilo, msaidieni alikamilishe. Nao ni msaada.

Mgao uandikwe kwenye karatasi kabla ya siku yenyewe, na mwishoni hesabu zisomwe mbele ya watu kama zinavyosomwa kwenye vikao vya harusi: kiasi kilichoingia, kilichotumika, na anachokabidhiwa mwenye kazi. Makabidhiano hayo ya hadharani ndiyo yanayofanana na noti ya ngomani, na yamenipa furaha kuliko filamu zenyewe, nakiri. Desemba 2021, Mbeya ilipokuwa mwenyeji wa tuzo za Bodi ya Filamu, tuliwaona waigizaji wa taifa zima wamepita mjini kwetu wamependeza, na nilifurahi kama wengine. Lakini kijana wa Uyole mwenye filamu ya dakika ishirini bado anahitaji chumba chenye viti sitini na watu watakaobaki kuzungumza naye baada ya taa kuwashwa.

Asiye na pesa kabisa naye ana nafasi. Anaweza kuwaazima nyumba au shamba la kupigia picha, kuwasahihishia Kibena chao, kubeba viti, kumpeleka bibi yake ukumbini.

Filamu ambazo hazistahili hata shilingi

Ziko filamu ambazo sizilipii hata kama mtengenezaji ni wa mtaani kwetu na hata kama ana kipaji. Sililipii kundi ninalojua kwamba limewanyima waigizaji ujira waliokubaliana, wala lile linalowataka mabinti rushwa ya ngono ili wapewe nafasi. Sikilipii kisa kilichoibwa kwa mtu mwingine kikabadilishwa majina.

Na siilipii filamu inayomwonyesha bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa mchawi, au mtu mwenye ualbino kama njia ya utajiri. Katika nchi yetu hayo yana damu. Wazee wameuawa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni walizopikia miaka hamsini, na mwaka 2019 Njombe ililia watoto waliouawa katika mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Anayetengeneza filamu ya namna hiyo ataambiwa, kwa upole ule ule, kwamba pesa yangu ameikosa kwa sababu hiyo, na kwamba akileta kisa kingine nitakuja.

Mwezi uliopita simu yangu iliita saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, bado giza. Alikuwa yule mdogo wangu wa filamu ya migomba, yuko sokoni na wenzake, na hakusalimia. Aliniambia tu nisikilize, akaisogeza simu mbali na mdomo wake. Nilisikia mtu anafagia, vikombe vinagongana, na wanawake wawili wanapatana bei ya mkungu wa ndizi, kila neno likinifikia. Aliporudi kwenye simu nilimuuliza kiingilio cha safari hii kitakuwa shilingi ngapi.